Bima kwa Biashara Inayoendeshwa Nyumbani: Mambo ya Kukagua Kabla ya Kulipa

Nyumba inapoanza kupokea wateja na kuhifadhi bidhaa, kampuni ya bima haiihesabu tena kuwa makazi matupu, na jambo hilo ndilo linalowaponza wajasiriamali wengi wanaodhani kwamba bima ya nyumba, iwe yao au ya mwenye nyumba, inatosha. Tumchukue fundi cherehani aliyepanga nyumba Tandika, Dar es Salaam, anayeshonea sebuleni akiwa na vyerehani vitatu, mashine ya overloki, pasi na rundo la vitenge vya wateja.

Aanze kwa kusoma kilichopo. Bima ya mwenye nyumba, kama ipo, hulinda kuta na paa, vyerehani havimo. Bima ya vyombo vya ndani nayo huandikwa kwa ajili ya makochi, televisheni na mavazi ya familia, na mara nyingi huondoa waziwazi vifaa na bidhaa za biashara. Jengo lenyewe si lake kulikatia bima kama mali yake, kwa kuwa bima hufidia mtu mwenye maslahi katika mali husika. Akatie vile ambavyo vikiungua yeye ndiye atakayeumia.

Katika fomu ya maombi aeleze kila kitu: kwamba sebule ndiyo karakana, kwamba pasi ni ya mkaa, kwamba jikoni kuna mtungi wa gesi, na kwamba wasaidizi wawili huingia kila siku. Mkataba wa bima husimama juu ya uaminifu wa hali ya juu, na kampuni ikigundua baada ya moto kwamba ilifichwa jambo ambalo lingeifanya ipandishe ada au ikatae ombi, inaweza kukataa kulipa. Wapo wanaoficha ili ada iwe ndogo. Kwa maoni yangu, hao wamenunua karatasi tu.

Kinachosahaulika zaidi ni vitambaa vya wateja. Si mali ya fundi, lakini vikiteketea watamdai yeye. Hati nyingi hazigusi mali ya watu wengine iliyo mikononi mwa mwenye bima isipokuwa imetajwa, hivyo aombe iandikwe wazi pamoja na thamani ya juu kabisa inayoweza kuwamo ndani kwa siku moja, na anapopiga hesabu hiyo afikirie wiki ya kuelekea Idi au Krismasi, si Januari.

Thamani isipunguzwe ili kubana ada. Bima za mali huwa na kifungu cha uwiano: mali ya shilingi 10,000,000 ikikatiwa bima ya 6,000,000, kisha ikatokea hasara ya 4,000,000, kampuni hulipa sita ya kumi ya hasara hiyo, yaani 2,400,000, na hapo bado haijakatwa ile sehemu ya kwanza ya hasara ambayo mwenye bima hujibebea mwenyewe.

Bima ya moto peke yake haitoshi mahali panapofurika wakati wa masika. Aulize kama mafuriko yameongezwa. Kwa wizi, hati nyingi hutaka ushahidi wa kuvunja, kwa hiyo cherehani kilichobebwa mlango ukiwa wazi huenda kisilipwe. Mteja akiungua kwa pasi, inayohusika ni bima ya dhima kwa watu wengine, yaani ile inayolipa madhara ambayo mwenye bima anawajibika kuwafidia wengine. Wasaidizi walioajiriwa wana njia yao: mwajiri anapaswa kujisajili katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi na kuuchangia kutoka mfukoni mwake, bila kuwakata mishahara.

Kabla ya kulipa, ahakikishe kwamba kampuni, wakala au dalali ana leseni ya TIRA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, iliyo chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009, kisha adai risiti na hati yenyewe. Kampuni ikikataa dai lake bila sababu anayoikubali, anaweza kulipeleka kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Ushahidi wa dai huandaliwa kabla ya janga. Risiti za mashine, namba zake na daftari la vitambaa vya wateja vipigwe picha kila Jumamosi, na picha zitumwe kwa ndugu anayekaa kwingine, maana daftari lililo sebuleni litaungua pamoja na vitambaa.