Somo: Kuiita halmashauri nyumba inapokuwa mbovu au mkiwa mmebanana (England)

Somo hili ni la wanaopanga kwa wenye nyumba binafsi hapa England. Wengi wetu hupiga simu halmashauri, tukasema tumebanana na tunateseka, kisha tukashangaa kuona kimya. Afisa hapimi mateso bali hatari, na ndipo pa kuanzia.

Hatua ya kwanza: taja hatari. Chini ya Sheria ya Nyumba ya 2004, maafisa hukagua kwa mfumo ulioanza na aina 29 za hatari, zikiwemo unyevu na kuvu, baridi kali, umeme mbovu na msongamano wenyewe. Hatari ikiwa ya daraja la kwanza, halmashauri inawajibika kuchukua hatua. Ikiwa ya daraja la pili, ina uwezo huo lakini hailazimiki. Kwa hiyo usiandike kwamba chumba ni kibaya; andika kwamba ukuta umeota kuvu tangu Novemba na kwamba mtoto wa miaka 3 analala kando yake huku kifua kikimbana.

Hatua ya pili: mwandikie kwanza mwenye nyumba, nawe utunze nakala.

Hatua ya tatu: hesabu watu na vyumba, na hapa wengi hukwama. Kipimo cha msongamano cha Sheria ya Nyumba ya 1985 kina asili yake katika sheria ya 1935, na kwa maoni yangu kimepitwa na wakati. Sebule huhesabiwa kuwa chumba cha kulala. Mtoto asiyefikisha mwaka hahesabiwi, na aliye chini ya miaka 10 ni nusu mtu. Wazazi wawili na watoto wa miaka 4 na 7 wakiwa na chumba kimoja na sebule, kisheria ni watu 3 katika vyumba 2, na vyumba visipokuwa vidogo mno, hapo hakuna msongamano. Njia yenye nguvu zaidi ni leseni ya halmashauri: nyumba ya watu 5 au zaidi, wa kaya 2 au zaidi, wanaotumia pamoja jiko, choo au bafu, lazima iwe nayo, na ndani yake chumba cha kulala cha mtu mzima mmoja kisipungue mita za mraba 6.51, na cha wawili 10.22. Chukua futi upime mwenyewe.

Hatua ya nne: ukaguzi. Niliwahi kumtafsiria mama mmoja ambaye mwenye nyumba wake alipaka ukuta rangi nyeupe usiku wa kuamkia ukaguzi. Afisa hakubishana, alichomeka ncha mbili za kipima unyevu katika rangi ambayo haijakauka vizuri, kisha akavuta kabati, na nyuma yake, ambako brashi haikufika, kuvu ilikuwa nyeusi tii.

Baada ya hapo huweza kutolewa ilani ya matengenezo, yaani amri ya maandishi ya halmashauri kwa mwenye nyumba arekebishe, ambayo hailazimishi kazi kuanza kabla ya siku 28 tangu apewe. Hatari ikiwa kubwa na ya papo hapo, halmashauri inaweza kutengeneza yenyewe na kumdai mwenye nyumba gharama.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi napanga kwa halmashauri yenyewe. Nifanyeje?
Jibu: Marahaba. Halmashauri haiwezi kujipa ilani. Fuata utaratibu wake wa malalamiko hadi mwisho, kisha nenda kwa Ombudsmani wa Nyumba, msuluhishi huru wa malalamiko ya wapangaji. Sheria ya 2018 pia inakuruhusu kuishtaki halmashauri mahakamani ikiwa nyumba haifai kukaliwa na binadamu.

Swali: Wakipiga marufuku chumba chetu, si tutalala nje?
Jibu: Anayehamishwa na amri hiyo, na hana pengine panapomfaa, halmashauri ina wajibu wa kumpatia makazi. Ila usihame kabla amri haijatolewa, maana wajibu huo ni kwa waliokuwa wakiishi humo siku ilipotolewa.

Swali: Ndugu, sisi tuko 7, kila mtu na chumba chake, na nahisi nyumba haina leseni. Kodi yetu inarudi?
Jibu: Inawezekana, baraza la nyumba (chombo cha kisheria cha kuamua migogoro, si halmashauri) lina uwezo wa kumwamuru mwenye nyumba airudishe. Anza na daftari la leseni la halmashauri, ambalo liko wazi kwa umma, kisha kusanya taarifa zenu za benki, kwa sababu kodi iliyolipwa mkononi bila risiti ni ngumu kuithibitisha.