Mazoezi ya mkono baada ya upasuaji wa titi: tulivyofanya na mama mdogo

Mimi ni mfiziotherapia, yaani mtaalamu wa mazoezi ya tiba, na mwaka huu nimemuuguza mama mdogo nyumbani baada ya kutolewa titi la kushoto na tezi za kwapani. Tezi hizo hupitisha na kuchuja majimaji ya mkono. Zikiondolewa, njia hupungua, na misuli ikikaza na kulegea ndiyo huyasukuma majimaji yasituame na kuuvimbisha mkono.

1. Pima mikono yote miwili, ikiwezekana kabla ya upasuaji. Tumia futi ya fundi cherehani, si ya seremala. Anzia kifundoni, panda kila sentimita 10 hadi karibu na kwapa, uandike daftarini. Rudia kila mwezi. Ikizuka tofauti ya sentimita 2 kati ya mikono miwili, nenda hospitali.

2. Mrija wa kutoa majimaji kwenye kidonda ukiwa bado upo: fumba na fumbua ngumi mara 15 hadi 25, kunja kiwiko, zungusha mabega, vuta pumzi ndefu. Kiwiko kisipite bega mpaka daktari aruhusu.

3. Kupanda ukuta. Hapa ndipo tulipopoteza wiki tatu. Simama ukitazama ukuta, vidole vipande polepole kama buibui. Panapoanza kuvuta, tulia, hesabu hadi kumi, kisha shuka kwa vidole vilevile. Usiuachie mkono udondoke. Weka alama ya chaki ulipofika. Mimi siagizi mipira wala kapi za kununua, ukuta unatosha.

Siku moja mama mdogo aliona kamba chini ya ngozi, kutoka kwapani hadi kiwikoni, nyembamba na ngumu kama mshipi wa kuvulia. Akaamini nyuzi za mshono zinakatika. Akaufunga mkono kwa kanga, hakuniambia. Niliporudi, hakuweza hata kusuka nywele zake. Kamba hizo si nyuzi. Huwatokea wengi waliotolewa tezi, na kwa kawaida hulegea zenyewe baada ya wiki au miezi. Mwonyeshe daktari, lakini usiache kunyoosha. Kuvuta kunakoisha ukipumzika si hatari. Maumivu makali au yanayobaki, punguza.

Na jamani, msimkande kwa maji ya moto. Najua ni mapenzi, bibi alikuwa ameshainjika sufuria. Baada ya upasuaji sehemu ya ndani ya mkono mara nyingi hufa ganzi, mtu anaungua asijue, na joto huzidisha uvimbe.

4. Uzito, daktari akiruhusu: chupa ya maji ya nusu lita, uongeze kidogo kidogo. Wengi bado wanaambiwa wasibebe kitu maisha yao yote. Utafiti wa Kathryn Schmitz na wenzake Marekani, uliochapishwa mwaka 2010, ulifuatilia wanawake 154. Kubeba uzito kwa kupandisha taratibu, chini ya usimamizi, hakukuwaongezea kuvimba mkono.

Mkono ukiwa mwekundu, wa moto, na homa ikapanda, acha mazoezi yote uende hospitali siku hiyohiyo.