Mshale wa joto ukichezacheza: mambo ya kuzingatia kabla ya safari ya Nakuru kwenda Kisumu

Gari ambalo mshale wake wa joto kwenye dashibodi haujatulia halifai kupandishwa mlima wa Sachangwan, ulio kwenye barabara hii. Ukishapita Salgaa unaanza kuparamia kuelekea Mau Summit nyuma ya malori yaliyopakia, gia ndogo, injini inavuta kwa nguvu na upepo wa kuipoza ni haba. Mshale uliokuwa ukipanda na kushuka pale mjini, huku hupanda ukakataa kurudi. Lishughulikie jambo hili siku kadhaa kabla, si asubuhi ya safari.

Kwanza chunguza mshale unapanda wakati gani. Ukipanda kwenye foleni kisha ukashuka gari likishika mwendo, shuku feni: mota yake, fyuzi, rilei (swichi ya umeme) au sensa inayoiwasha. Ukipanda mlimani au kwenye kasi tu, tazama rejeta (inayopoza maji ya injini) iliyoziba au pampu ya maji iliyochoka. Ukiruka ghafla kisha ukarudi wenyewe, mara nyingi ni hewa iliyonaswa ndani au themostati (kilango kinachoachia maji yapite kwenda rejeta yakipata moto) inayokwama. Na hita ikipuliza baridi ilhali mshale uko juu, maji yamepungua; zima injini hapo hapo.

Injini ikiwa imepoa kabisa, fungua kifuniko cha rejeta. Ikiwa ya moto usikiguse hata kwa kitambaa kinene, maana maji yaliyobanwa na presha yatakurukia usoni. Maji yafike shingoni. Tangi la pembeni kujaa si ushahidi kwamba rejeta imejaa. Kisha kigeuze kifuniko chenyewe. Mpira wake ukiwa umepasuka au umekakamaa, nunua kingine chenye namba ileile ya presha iliyoandikwa juu, kama 0.9 au 1.1. Wengi hukipuuza, na huku kwetu ni hatari. Nakuru iko takribani mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, ambapo maji ya kawaida huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na Mau Summit huchemka mapema zaidi. Injini nyingi hufanya kazi karibu na nyuzi 90. Kinachoyazuia maji yasitokote ni kifuniko hicho, kikisaidiwa na kulanti, yaani dawa ya kupoza injini inayochanganywa na maji.

Kulanti ichanganywe nusu kwa nusu na maji yasiyo na madini. Maji ya kisima yenye madini mengi huacha ukoko ndani ya rejeta.

Fundi akitaka kuing'oa themostati "maji yapite vizuri", kataa. Bila hiyo injini inachelewa kupata joto lake, inakula mafuta zaidi, na ugonjwa wenyewe unajificha hadi mlimani. Mwombe aifungue muipime: itumbukizeni kwenye sufuria ya maji jikoni, muikodolee macho. Ile ya nyuzi 82 inapaswa kuanza kuachama taratibu kabla maji hayajachemka. Ikibaki imefumba maji yakitokota, nunua mpya. Bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na ya hedi, yaani kichwa cha injini, ambayo joto likizidi huharibika.

Baada ya kujaza maji, toa hewa. Egesha pua ya gari ikitazama juu, injini ikiwa baridi acha kifuniko wazi, weka hita kwenye moto, kisha washa na uongeze maji kadiri yanavyoshuka. Mapovu yakipungua na kwisha, funika. Yakiendelea bila kukoma, au mafuta ya injini yakigeuka rangi ya chai ya maziwa, huenda gasketi ya hedi (kizibo kati ya hedi na bloku ya injini) imeungua. Hapo ahirisha safari, hata kama wageni wanakungoja Kisumu.

Kwenye buti weka lita tano za maji, kulanti ya akiba na pembetatu za onyo. Mshale ukipanda njiani, zima AC, fungulia hita hadi mwisho na utafute pa kuegesha salama nje ya barabara. Usimimine maji baridi kwenye injini ya moto, kwani hedi inaweza kupasuka. Subiri hosi ya juu ishikike kwa mkono bila kuungua, ndipo uguse kifuniko.