Mwanamieleka mdogo: mfundishe kuanguka kwanza

Mtoto wa miaka 10 anayeacha mieleka mara nyingi hakushindwa na mpinzani. Alishindwa na kelele za wakubwa waliosimama pembeni, na hofu ya kulala chali mbele yao. Hofu hiyo ianze kutolewa mchangani.

Wiki 3 za kwanza usimfundishe kuangusha mtu. Ufukweni Mwanza tafuta mchanga laini usio na mawe chini, uchekeche vigae, ndoano na miba ya samaki, kina kifike sentimita 30. Afanye kuanguka tu: kidevu kifuani, mikono yote miwili ipige mchanga kwa pamoja. Asijikinge kwa mkono ulionyooka, maana hapo ndipo kiwiko huteguka. Akizoea, ngwala haimtishi tena, na mwili usiokakamaa huumia kidogo.

Wapange kwa kilo, si kwa umri. Wa miaka 13 mmoja keshabaleghe, mwenzake bado. Tofauti isizidi sehemu moja ya kumi: wa kilo 40 akamatane na wa 36 hadi 44. Kila siku apate anayemzidi, anayelingana naye na anayemmudu. Anayebwagwa na kila mtu hujifunza kubwagwa.

Kwa chini ya miaka 15, kanuni za kimataifa zinataka vipindi 2 vya dakika 2, mapumziko sekunde 30. Fanyeni mazoezi ya taabu yenyewe: yuko nyuma pointi 4, zimebaki sekunde 40. Kwenye mapumziko avute pumzi kwa hesabu ya 4, aitoe kwa hesabu ya 6, mara 3. Kisha mwambie jambo moja tu. Ukimwambia matano hatabaki na hata moja.

Akishindwa, ampe mpinzani mkono, anywe maji, aachwe dakika 15. Akilia, alie. Baba asimfuate na “ulikuwa unafanya nini pale?” Baadaye muulize nini kilimwendea vizuri na wapi alichelewa, na zoezi linalofuata mrudie kosa hilo hilo mara 10, polepole.

Kwenye mizani usimnyime maji wala chakula. Mwaka 1997 wanamieleka 3 wa vyuo vya Marekani walikufa katika muda wa kama mwezi mmoja wakijikausha ili wapunguze uzito. Huyu anakua, ale ugali, dagaa na michembe yake (viazi vitamu vilivyokaushwa), apande kundi la uzito unaofuata.

Mchanga uliowaganda mwilini uoshwe kwa maji ya bomba. Kuwatumbukiza ziwani baada ya mazoezi ni kuwaalika kichocho.

Mpaka afike miaka 14 hivi acheze na mpira pia, apumzike mieleka angalau miezi 2 kwa mwaka. Tumbo likimuuma kila siku ya mazoezi na siku nyingine mzima, kwanza apimwe. Lisipoonekana tatizo, mpe wiki nzima nyumbani, kisha muulize kama anataka kurudi. Akisema hapana, usimbembeleze.