Usubi wa vivimbe: tambua spishi kabla ya kushika bomba la dawa

Usubi wa vivimbe ni nzi wadogo sana wa familia ya Cecidomyiidae, wanaoitwa hivyo kwa sababu mabuu ya baadhi yao huufanya mmea uote vivimbe. Wengi wana urefu wa milimita 1 hadi 5, miguu mirefu myembamba, vipapasio vinavyoonekana kama shanga zilizotungwa, na mabawa yenye mishipa michache. Spishi zilizokwisha kupewa majina ni zaidi ya 6,000. Familia hii imegawanywa katika nusufamilia 6, na 5 kati ya hizo ni za usubi ambao mabuu yao hula kuvu kwenye miti iliyooza na majani makavu, na wengi wao hawamsumbui mkulima. Wanaokula mimea wako katika nusufamilia moja tu, Cecidomyiinae, na hata humo wamo rafiki zetu: mabuu ya Aphidoletes aphidimyza hula vidukari, na ya Feltiella acarisuga hula utitiri mwekundu. Kwa hiyo ukikuta buu dogo la rangi ya chungwa katikati ya kundi la vidukari, liache lifanye kazi yake.

Kwa kawaida usubi anayeshambulia mimea ana mmea wake, au kikundi kidogo cha mimea yenye undugu. Usubi wa mwembe hahamii kwenye mpunga, na wa mtama hahamii kwenye ufuta. Ndiyo maana kujua jina ni sehemu ya tiba. Mfano mzuri kuliko yote uko kwenye mpunga.

Kwa muda mrefu usubi wa mpunga wa Afrika alidhaniwa kuwa yule yule wa Asia, Orseolia oryzae. Mwaka 1982 wataalamu wa wadudu Harris na Gagné walionyesha kuwa ni spishi nyingine, wakaiita Orseolia oryzivora. Tofauti hiyo ina uzito shambani, kwa sababu aina nyingi za mpunga zinazomhimili usubi wa Asia hushindwa mbele ya huyu wa Afrika. Ukinunua mbegu iliyosifiwa kuwa kinzani, uliza ilijaribiwa dhidi ya usubi yupi. Ukinzani mkubwa umepatikana katika baadhi ya aina za mpunga wa asili wa Afrika, Oryza glaberrima. Aina ya Cisadane kutoka Indonesia huvumilia mashambulizi, lakini haiyazuii.

Dalili ya usubi wa mpunga ni kivimbe chenye umbo la mrija mweupe wa fedha, ulio wazi ndani, unaochomoza badala ya jani jipya. Wengi huuita jani la kitunguu. Usiuchanganye na moyo mkavu unaoletwa na kiwavi wa bua. Kwa kiwavi, jani la katikati hukauka, na ukilivuta hutoka kirahisi likiwa limetafunwa chini. Chipukizi lenye mrija halitatoa suke kamwe.

Jike hutaga mayai 100 hadi 400. Buu likianguliwa huhitaji unyevu juu ya jani ili litambae mpaka kwenye kitovu cha chipukizi, na hapo ndipo linapokula. Mrija hurefuka na kuonekana buu likiwa limekaribia kumaliza kula. Hapa ndipo dawa nyingi hupotea bure: unapoona mrija, hasara imeshatokea, na dawa ya kugusa haimfikii mdudu aliye ndani. Inachofanikiwa kuua ni nyigu wadogo wanaomshambulia.

Pima kabla ya kuamua. Katika wiki ya 6 na tena ya 9 baada ya kupandikiza, pita jaruba kwa mshazari na uchague mashina 20. Hesabu machipukizi yote, kisha yenye mirija. Kama mashina hayo 20 yana machipukizi 240 na 12 yana mirija, shambulio ni asilimia 5. Kata mirija kadhaa isiyo na tundu kwenye ncha, uipasue kwa wembe kwa urefu, utazame kwa lenzi. Buu au pupa (hatua kati ya buu na nzi) nzima maana yake usubi anaendelea. Ukikuta ganda la buu lililovimba, limejaa vifuko vidogo vidogo vya kahawia, hao ni nyigu Platygaster diplosisae. Nyigu mwingine, Aprostocetus procerae, hula pupa kutoka nje, mmoja kwa pupa moja.

Sasa tazama kingo za majaruba. Kwenye nyasi Paspalum scrobiculatum huishi usubi wa tatu, Orseolia bonzii, anayefanana sana na wa mpunga ila hashambulii mpunga. Tafiti za Afrika Magharibi zimeonyesha kuwa nyigu hao wawili huzaliana kwa usubi huyu pia, hivyo huwa tayari msimu wa mpunga unapofika. Magugu ya kuondoa ni mengine: mpunga pori wenye vizizi vya kutambaa, Oryza longistaminata, pamoja na maotea na machipuko ya visiki vya mpunga baada ya mavuno. Hivyo ndivyo vinavyomlea usubi wakati wa kiangazi. Anayefyeka kila jani kwenye kingo hufukuza walinzi wake.

Kinga kubwa inabaki kupanda mapema na kwa pamoja. Jirani akichelewa wiki nne, kizazi kilichokulia kwako kitahamia kwenye machipukizi yake machanga. Gawa mbolea ya naitrojeni badala ya kumwaga yote mara moja, maana machipukizi mengi laini humvuta usubi. Usibananishe miche pia, kwani unyevu ukituama husaidia mabuu kutambaa.

Kwenye mtama hali ni tofauti: Stenodiplosis sorghicola hafanyi kivimbe hata kidogo. Hutaga ndani ya maua yaliyofunguka, buu hula punje changa, na suke hubaki na makapi, huku wengi wakidhani ni ukame. Minya kapi kati ya vidole. Likitoa majimaji mekundu au ya chungwa, mmempata. Mkaguzi aende shambani kati ya saa 3 na saa 5 asubuhi, mtama unapochanua, kwa kuwa usubi aliyekomaa huishi takriban siku moja tu. Pandeni aina moja kwa wakati mmoja ili uchanuaji usivute muda mrefu. Makapi baada ya kupura yachomwe au yafukiwe, kwani baadhi ya mabuu hulala humo mwaka mzima au zaidi.

Kwenye embe, Procontarinia matteiana, anayepatikana Kenya na pia Oman, huacha vipele vigumu kwenye majani. Hutaga kwenye majani machanga tu. Vipele vyenye tundu ni vitupu, kuvichoma ni kupoteza nguvu. Pogoa na kuchoma vile ambavyo havijatoboka. Na miche ya kitaluni ikaguliwe jani kwa jani kabla ya kusafirishwa, kwa sababu buu na pupa vyote hukaa ndani ya jani na husafiri nalo.