Taa ya motere imewaka ku tablo: ya kufanya mbele ya kutoa franga

Huku Goma gari nyingi zinatembea na ile taa ya oranji yenye picha ya motere ikiwaka, miezi na miezi, mpaka mwenye gari haioni tena. Kuna wenye wanabandika skochi nyeusi juu yake, nimeshaona. Na kuna wengine ikiwaka tu roho inaruka, wanaingia garaje ya kwanza, wanaambiwa "hii ni kapteri", maana yake kidude cha kupima ndani ya motere, wananunua kapteri, kesho taa inarudi. Hizo njia zote mbili zinakula franga. Ile taa haijui nini imekufa, inasema tu kompyuta ya motere, ile ba mekanisie wanaita kalkilateri, imeona kipimo fulani hakiko sawa na imeandika kode ndani. Kwa hiyo unasoma kode, unatafuta juu ya nini imeandikwa, kisha njo ununue kitu. Ukianza na kununua utanunua mara mbili.

Lakini mbele ya hayo yote hakikisha ni taa gani unaona, juu watu wanachanganya sana.

Ile nyekundu yenye picha ya kikopo cha mafuta chenye mdomo mrefu na tone, hiyo si ya kujadili. Presha ya mafuta ya motere imeanguka, na motere bila presha ya mafuta inajisaga yenyewe kwa dakika chache tu. Weka gari pembeni, zima pale pale, hata kama uko pa rond-point Signers na ba motari wanakupigia kelele. Usiseme "nifike kwanza nyumbani". Subiri dakika kama tano hivi mafuta yashuke chini, gari iwe pahali pa sawa, toa joje, ile fimbo ya kupima mafuta, pangusa, rudisha, toa tena, angalia mafuta yanafika wapi. Kisha inama uangalie chini ya gari. Huku kwetu sababu ya kwanza ninayofikiria ni jiwe: njia za ndani za Majengo na Ndosho ni mawe ya volkano tupu, yanakata kama kisu, na karteri, lile bakuli la mafuta chini ya motere, kwa gari ndogo kama Vitz ao Ist iko chini sana. Ukigonga jiwe leo asubuhi na taa nyekundu ikawaka mchana, usitafute mchawi. Kama joje inaonyesha mafuta yanatosha na taa inaendelea kuwaka, usiwashe tena kusema unajaribu, inaweza kuwa ni kapteri tu ya presha inadanganya lakini inaweza kuwa pompe ya mafuta, na huwezi kujua ukiwa umesimama barabarani. Wakuvute na kamba.

Ya joto nayo nyekundu, ile ya kipimajoto kinaogelea ndani ya maji. Hapa kuna kitu cha Goma chenye watu hawafikirie. Tuko juu, karibu metre 1,500, na kwa urefu huo maji ndani ya sufuria yanachemka karibu digri 95, hayafiki 100. Motere nyingi zinafanya kazi yao ya kawaida kwenye digri 90 na kitu. Sasa kinachozuia maji ya radiatere yasichemke ni presha, na presha inashikwa na bushoni ya radiatere. Bushoni ikichoka, ao ukiweka bushoni ya gari ingine yenye haifungi vizuri, gari inachemka bila kosa lingine lolote, na utauziwa pompe ya maji, utauziwa termostati, kumbe ni kafuniko tu. Taa ya joto ikiwaka simama, zima, na usifungue bushoni motere ikiwa moto, yale maji yanaruka na yanachoma uso. Na weka maji ya radiatere yenyewe, yale ya rangi, maji ya ziwa acha ya kuoshea gari.

Haya, turudi ku taa ya oranji.

Inaweza kuwaka imetulia, ao kuwaka ikipigapiga, inazima inawaka inazima inawaka. Tofauti ni kubwa. Ikipigapiga maana yake kuna silinda yenye haichomi vizuri na esansi mbichi inatoka kuingia ku eshapema, inaenda kuwakia ndani ya katalizeri, ile boksi ya eshapema yenye inasafisha moshi, inaipasha moto mpaka inaharibika. Gari inatetemeka, haina nguvu, wakati mwingine unasikia harufu ya esansi. Kama ulikuwa unatoka Sake unapanda njia ya Masisi, toa mguu, usiilazimishe, simama pahali pazuri. Kama garaje iko karibu, enda polepole bila kukanyaga sana, kama iko mbali heri ivutwe.

Na ikianza kupigapiga muda kidogo nyuma ya kujaza, jiulize ulijaza wapi. Ba kadafi wa bidoni pembeni ya barabara wanasaidia, sikatai, kuna siku station haina kitu, lakini bidoni imelala nje usiku kucha mvua inanyesha, maji yanaingia, na kuna wenye wanaongeza petroli ya taa ndani juu iko bei ya chini. Maji ni mazito kuliko esansi, yanashuka chini ya tanki, pale pale pompe inavuta. Ukilazimika kununua bidoni, omba akumiminie kidogo ndani ya chupa ya maji yenye inaonekana ndani, uiache itulie dakika chache. Kama kuna maji utaona mstari chini. Muuzaji akikasirika, nunua kwa mwengine.

Ikiwaka imetulia na gari inatembea kawaida, una muda. Si mwezi mzima, lakini una siku za kufanya mambo kwa akili. Anza na vitu vya bure. Nani aligusa gari juzi? Kama ni fundi wa vidanje (kubadilisha mafuta) ao wa filtre, fungua kapoti uangalie kama hakuna fiche ya waya imeachwa bila kuingizwa, hii inatokea kila siku. Angalia ile tiyo kubwa nyeusi inatoka ku boksi ya filtre ya hewa inaenda ku motere, kama imepasuka ao kolye imeregea. Angalia filtre yenyewe: vumbi ya Goma ni nyeusi na kali, na volkano ikitoa majivu yanaingia kila pahali, kwa hiyo usifuate kilometa zenye zimeandikwa ndani ya kitabu cha Japani, yao walihesabu na lami. Funga vizuri bushoni ya tanki, kwa gari zenye zilitengenezwa kwa Marekani bushoni tu isipofungwa inawasha taa. Na ukiisha kuifunga taa haizimi saa ile ile, kompyuta inataka kwanza kuona gari imetembea mara kadhaa bila kosa.

Kama vya bure vimeisha na taa iko, soma kode. Kwa gari zenye ziko na prizi ya matundu 16 chini ya usukani, kuna kidude kidogo kinaitwa ELM327, kinaingia pale, kinaongea na telefone kwa Bluetooth, na bei yake si kitu ukilinganisha na kapteri moja. Marekani ililazimisha mfumo huu wa prizi na kode, OBD2, kwa gari zote mpya tangu 1996, Ulaya kwa gari za esansi tangu 2001. Lakini gari zetu nyingi zinatoka moja kwa moja Japani, usukani kuume, na za miaka ya zamani ziko na prizi ile ile ya matundu 16 lakini kidude kinakataa kuongea nazo. Usikitupe, si lazima kiwe kibovu, hapo inatakiwa skaneri kubwa ya garaje yenye inajua Toyota ya Japani.

Na zile Toyota za zamani zaidi, zenye kuna kaboksi chini ya kapoti kameandikwa DIAGNOSTIC, fundi mzee anaunganisha tundu TE1 na E1 kwa kipande cha waya, anaweka kontakte bila kuwasha motere, na taa yenyewe inaanza kuhesabu kode: inapiga mara mbili, inapumzika kidogo, inapiga mara tano, hiyo ni 25. Ikipiga tu haraka haraka bila kupumzika, hakuna kode. Ni kitu kizuri sana na haina gharama, lakini kama hujui matundu acha fundi afanye, ukikosea tundu unaweza kuchoma fuzibili ao kompyuta yenyewe.

Sasa kode. Yenye kuanza na P ni ya motere na boite ya gia. Watu wanakosea hapa: kode inasema pahali panapouma, haisemi dawa. Ni kama mtoto anashika tumbo analia, hujui bado kama ni njaa ao minyoo.

Tuchukue P0301. Silinda ya 1 haichomi. Muuzaji wa vipuri atakuuzia bobini, ile yenye inapeleka umeme ku buji, hapo hapo. Ngoja. Ku motere kama ile ya Probox na Ist kila silinda iko na bobini yake, kwa hiyo toa bobini ya 1 uiweke pa 2, ya 2 uiweke pa 1, futa kode, tembea. Kode ikirudi P0302, bobini njo mbaya, imehama na ugonjwa wake. Ikibaki P0301, bobini ni mzima, fanya vile vile na buji yenye inatoa cheche, kisha ndio uangalie injekteri na kompresio. Hii inachukua dakika chache na ufunguo wa 10, na fundi akikataa kuifanya jiulize juu ya nini.

P0171 nayo tunaiona sana. Inasema hewa ni nyingi kuliko esansi. Wengi wanabadilisha kapteri ya oksijeni juu ndiyo inayosema, lakini ile kapteri inasema ukweli! Hewa inaingia pahali haipimwi, ku tiyo imepasuka, ao ku eshapema imepasuka mbele ya kapteri kwa kugonga mawe, ao esansi haifiki vizuri juu filtre yake imeziba ao pompe imechoka. Ao kapteri ya kupima hewa, ile iko nyuma ya filtre, imejaa vumbi. Hiyo inaoshwa na spre yake maalum, inakauka, basi. Usiipanguse na kitambaa, usiipulize na kompresere, usiioshe na esansi, ndani kuna kawaya kembamba kuliko unywele.

P0420 ni katalizeri imechoka, ao inaonekana imechoka. Kama silinda ilikuwa inakosa kwa miezi, ile esansi mbichi njo iliiua, na ukiweka mpya bila kuponya silinda utaiua pia. Na fundi akikuambia "Papa, tuitoe tu, iuze", ujue iko na madini ya bei ndani, platini na paladiamu, kwa hiyo uliza nani anaiuza na nani anakula.

Ukifika ku garaje usianze na "tengeneza hii taa". Mwambie fundi ilianza lini, gari ikiwa baridi ao moto, ulikuwa umejaza wapi, unasikia nini. Kisha: "Fundi, pima kwanza, uniandikie kode ku karatasi, usifute kitu." Piga picha ya skaneri na telefone. Kuna wenye wanatoa waya wa batri dakika kumi, taa inazima, wanakulipisha "programu". Kutoa batri kunafuta kode tu, na kunafuta pia vile kompyuta ilikuwa imejifunza, ndio maana gari inakuwa na ralanti mbaya siku hiyo, inatetemeka ikisimama, na taa inarudi ikisha kuona kosa lile lile tena.

Ujanja huo huo njo unatumika kuuza gari. Ukienda kununua, weka kontakte bila kuwasha motere: taa ya motere lazima iwake pamoja na zingine, halafu izime motere ikiisha kuwaka. Isipowaka kabisa, balbu imetolewa ao waya umekatwa, na hakuna mtu anakata waya bila sababu. Ikiwaka na kuzima vizuri, chomeka skaneri, angalia sehemu inayoonyesha vipimo vyenye kompyuta imeisha kufanya. Kama vingi vinaonyesha havijaisha, inaweza kuwa mtu amefuta kode hivi karibuni. Omba muende nayo mpaka Sake na kurudi, kisha pima tena mbele yake.