Namna ya Kuuchambua Wimbo Unaokugusa

Wimbo unaoupenda sana ndio mgumu kuliko nyimbo zote kuuchambua, kwa sababu kila unaposikika huja na mtu uliyekuwa naye, mwaka ulioupitia na jambo ulilolipata au kulipoteza. Kwa hiyo, kabla ya kuugusa muziki wala mashairi yake, andika aya moja kuhusu kumbukumbu hizo, kisha uiweke kando. Aya hiyo bado si uchambuzi, lakini usipoiandika utajikuta unausifu wimbo kwa mambo ambayo yametoka katika maisha yako.

Kisha usikilize wimbo wote bila kuusimamisha, ukiwa na kalamu mkononi, na uandike dakika na sekunde ambapo mwili wako unaitikia: koo linakaba, nywele zinasimama, machozi yanalenga. Nakushauri uanzie hapo badala ya kuanza na ubeti wa kwanza, kwa kuwa uchambuzi unaotembea mstari kwa mstari mara nyingi huchoka kabla ya kufika kwenye kiini. Mwanasaikolojia wa muziki John Sloboda, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1991, aliwauliza wasikilizaji ni vipande gani hasa vya muziki vinavyowagusa, akaona kwamba machozi yalihusiana sana na noti inayoegemea, yaani noti isiyo ya kordi (kundi la noti zinazosikika pamoja) inayopigwa au kuimbwa juu ya kordi hiyo na kisha kutua kwenye noti ya jirani iliyo ya kordi, ilhali msisimko wa ngozi ulihusiana zaidi na kordi zisizotarajiwa. Imba polepole neno lililokugusa. Ukiona sauti inaning'inia kwanza ndipo itulie, huenda umeipata noti ya namna hiyo.

Ukishazitambua sekunde hizo, chunguza muziki peke yake, ukijitahidi kutoyafuata maneno. Hesabu mapigo kwa sekunde 15 na uzidishe kwa 4, nawe utapata mwendo wa wimbo kwa dakika. Mapigo 60 ni pigo moja kila sekunde. Sikiliza kama mapigo yanajipanga kwa makundi ya matatu au manne. Tambua pia kama skeli, yaani ngazi ya noti ambazo wimbo umejengwa juu yake, ni meja, ambapo noti ya tatu iko nusu-toni 4 (nusu-toni ni hatua ya kutoka kitufe kimoja cha kinanda hadi cha jirani, cheupe au cheusi) juu ya noti ya kwanza, au maina, ambapo iko nusu-toni 3 tu. Lakini usikimbilie kusema kwamba maina ni huzuni, kwa kuwa maina yenye mwendo wa kasi huweza kuchezwa kwa furaha kubwa. Zaidi ya yote, angalia nini kinaingia na nini kinatoka: besi iliyonyamaza, waitikiaji walioongezeka, mwimbaji aliyepanda kutoka sauti ya kifua hadi sauti nyembamba ya juu.

Mashairi yanahitaji subira zaidi. Yanakili kwa mkono, uyasome kwa sauti bila muziki, na ujiulize ni nani anayesema, anamwambia nani, na kama nafsi inabadilika njiani, maana wimbo unaoanza na "yeye" na kuishia na "wewe" umesafiri umbali mkubwa. Kiitikio kisikupite kwa sababu tu kinarudiwa; maneno yaleyale huweza kuwa ombi baada ya ubeti wa kwanza na lawama baada ya ubeti wa tatu. Ikiwa wimbo ni wa Kiswahili, hesabu mizani, yaani silabi za kila mshororo. Nyimbo nyingi zinazofuata shairi la kimapokeo la tarbia, lenye mishororo minne kwa kila ubeti, zina mishororo ya mizani 16, yaani 8 kwa 8, zenye vina vya kati na vya mwisho, na pale mizani inapozidi au kupungua mwimbaji hulazimika kuharakisha au kuvuta silabi. Mkazo wa Kiswahili kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, hivyo melodi inapoivuta silabi ya mwisho badala yake, sikio hushtuka hata kama msikilizaji hajui kwa nini. Mimi naamini kwamba siri nyingi za nyimbo zetu zimejificha katika mivuto hiyo midogo.

Sasa yaweke maneno na muziki sambamba, sekunde kwa sekunde, ukitafuta hasa pale vinapopingana: maneno ya msamaha juu ya besi isiyokubali kutua, au maneno ya kuaga katika mdundo wa sherehe. Unapoandika, kila dai lishikilie ushahidi wake. Badala ya kusema kwamba wimbo unahuzunisha, sema kwamba katika dakika ya 2 na sekunde 14 ngoma zinanyamaza, sauti inabaki na kinanda pekee, na neno "nyumbani" linavutwa kwa mapigo manne huku kordi ikibadilika chini yake.

Hapo ndipo uichukue ile aya ya kumbukumbu na kuilinganisha na ulichokipata. Baadhi ya hisia zitakuwa na chanzo unachoweza kukionyesha katika sauti au neno. Nyingine hazitakuwa nacho, nazo uziandike waziwazi kuwa ni zako, katika aya yake yenyewe, bila kuulazimisha wimbo uzibebe.